Ombi la Kupunguziwa Pumzi za Mke Wangu

Ndugu Kocha wa Wanawake wa Mbio Ndefu,

Pokea salamu za mtu mpole aliyefikishwa mahali pa kushika kalamu. Mimi ni kinyozi wa jirani na uwanja, mume wa yule mwanamke mnayemwita Mama Mapafu. Kabla hajaja kwako, alikuwa akipanda ngazi za kwetu anakaa katikati kupumzika, tunapiga soga. Sasa nakuomba, kwa heshima zote, umrudishe alivyokuwa, kwa sababu hizi:

1. Zamani tukigombana, alikuwa akifika mahali anavuta pumzi, na hapo ndipo nilipochomeka neno langu. Siku hizi havuti. Anaanza na taulo niliyoiacha kitandani, anapitia kwa dada zangu wote, anamalizia na harusi yetu, bila hata koma. Juzi nilinyoosha mkono kama mwanafunzi. Akaniambia, “Subiri, baba watoto, ndiyo kwanza napasha misuli.”

2. Moyo wake unapiga polepole mno. Jumapili mchana alilala kwenye kochi, nikamwekea sikio kifuani. Nikasikia pigo moja, halafu kimya. Nikapiga yowe! Majirani wakajaa sebuleni, mama mkwe akaanza kulia. Marehemu akafumbua macho, akauliza, “Nani kakanyaga zulia langu na viatu?” Muuguzi wa nyumba ya pili akanieleza kwamba mazoezi yanautia moyo nguvu, ukipiga mara moja unasukuma damu nyingi, hauna haja ya haraka. Sawa. Lakini heshima yangu mtaani nani atanirudishia?

3. Njia yake ya mazoezi inapita mbele ya kibanda changu. Akipita, vichwa vyote vinageuka, kikiwemo kile nilichokishika mimi. Mwalimu wa hesabu alitoka kwangu na mstari mweupe kutoka sikioni hadi utosini, umenyooka kama wa rula. Hajarudi.

4. Mama mkwe naye kanunua raba za kukimbilia. Hapo sina la kuongeza.

Kwa hiyo naomba umtoe kwenye kikosi kinachokwenda mashindanoni. Kama haiwezekani, basi walau mzoeshe uvivu kidogo. Mpe kilima kifupi. Mwambie akae. Sitaki makuu, nataka mke anayehema kama watu wengine.

Nisalimie wakimbiaji wote, mtunza uwanja, na yule anayepuliza kipenga alfajiri chini ya dirisha langu. Mwambie sura yake nimeshaishika.

Wako mwenye unyenyekevu na usingizi pungufu,
Kinyozi wa Jirani na Uwanja

N.B. Sijafunga hata bahasha, mke wangu kaingia, viatu mkononi. Kakaa jikoni. Nimembembeleza mpaka akatoa neno: eti umemwacha nje ya kikosi, umri umemtupa mkono! Na jana tu aliwaacha nyuma hao wote unaowapeleka! Kocha, una akili timamu kweli? Yote niliyoandika hapo juu yafute. Nimemwambia avae viatu, tunakuja sasa hivi, mama mkwe akiwa mbele. Wapange wasichana wako kwenye mstari wakimbie naye tena, nikiwa nimesimama hapo hapo. Akiwashinda, mweke kikosini. Na ukiniona nimefika getini nahema, nipe maji kwanza. Nina mengi ya kukuambia, na sitaki pumzi iniishie njiani.