Paka Aliyezikwa Uani mwa Makumbusho

Jumatatu, 6 Mei

Siku mbaya. Mkuu wa makumbusho alituita ofisini, mimi na yule ninayemwita Malkia wa Udongo, mwalimu wa ufinyanzi. Akasema ua ni mmoja, madarasa mawili, na kila Jumamosi tunagombania kivuli na bomba la maji. Jumamosi hii atakuja kutazama mwenyewe. Mwenye watu wengi atabaki. Mwingine atahamia Jumatano mchana, saa ambayo hata nzi hawaingii makumbusho.

Mimi nafundisha akiolojia kwa wananchi. Shimo la mchanga, brashi, miko ya kujengea, na mabaki ya bandia niliyoyafukia mwenyewe. Wito wa darasa: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jumamosi iliyopita waliinama watu wachache mno. Muuguzi mstaafu, mwanafunzi wangu wa kudumu, alikwenda moja kwa moja kwenye ushanga wa plastiki, akauchimbua, akanikabidhi, akafungua chupa yake ya chai. Anajua kila kitu kilipo kuliko mimi.

Malkia ana foleni. Na katika foleni hiyo yumo binti yangu mwenyewe, kitinda mimba wangu. Hilo sikutaka kuliandika.

Jumanne, 7 Mei

Nimepata dawa! Watu wanataka kuvumbua. Basi watavumbua.

Kwenye rafu ya jikoni kuna chungu kibaya, shingo imepinda, mke wangu huwekea vibanio vya nguo. Sijui kilitoka wapi. Labda jirani alitubwagia. Lakini sura yake ni ya kale kabisa. Hakuna fundi wa leo anayeweza kufinyanga vibaya namna ile.

Mke wangu alipokwenda dukani nilikigonga kwa nyundo. Vipande vikaruka jikoni kote. Nikavikusanya, nikavipaka majani ya chai na masizi, nikavianika juani. Hadi chakula cha mchana vilikuwa vimezeeka karne kadhaa. Mke wangu akauliza chungu kiko wapi. Nikasema chungu gani. Vibanio viko mfukoni mwangu, vinanichoma paja ninapoandika haya.

Alhamisi, 9 Mei

Nimefika alfajiri kufukia. Nimepiga magoti, koleo mkononi, mlinzi huyo. Akatazama shimo. Akatazama kifurushi nilichokifunga kwa taulo. Akauliza kwa upole ninamzika nani.

Akili iliganda. Nikasema paka wangu. Akavua kofia! Akasimama pale mpaka nilipomaliza, ikanibidi nifute machozi. Sina paka. Sijawahi kuwa na paka.

Ijumaa, 10 Mei

Mlinzi hana kifua. Ofisi zote zimenipa pole. Mkuu alitaka kujua marehemu alikuwa na umri gani. Jioni Malkia akaja mezani kwangu, akaniwekea paka mdogo wa udongo aliyemfinyanga wakati wa mapumziko. Akasema anajua mimi na yeye hatupikiki chungu kimoja, lakini msiba ni msiba.

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Nikawaza kwenda kuvifukua vile vipande. Kisha nikaiwaza Jumatano mchana. Nikaviacha.

Jumamosi, 11 Mei

Ardhi ipasuke inimeze.

Ilianza vizuri! Nilimsogeza muuguzi kwenye kona yenyewe. Mlinzi akaja mbio, akamsihi amwache marehemu apumzike. Nikamvuta pembeni, nikamnong'oneza kwamba nimeshamhamisha. Muuguzi akainua kigae cha kwanza, akapiga ukelele. Watu wakajaa. Darasa zima la Malkia likaacha udongo wake na kuja na mikono michafu, binti yangu mbele. Akanishika mkono mbele ya watu. Hajanishika mkono hadharani tangu aanze kujiona mkubwa.

Mkuu akafika, macho yamemtoka pima. Akaamuru vigae viunganishwe palepale, wageni waone kazi yetu ilivyo. Nikasema ni hatari, ni vya kale mno, mikono ya watu ina mafuta. Akasema si ndiyo ninayofundisha kila Jumamosi? Ndiyo. Na kumbe wanaelewa! Muuguzi alivipanga na kuvishikiza kwa utepe bila kubabaika. Chungu kikasimama mezani, shingo upande, kimepungukiwa na kipande kimoja tu cha mdomo.

Malkia akakigeuza. Chini palikuwa na alama ya dole gumba. Kila mwanafunzi wake hubonyeza dole chini ya chungu kabla hakijachomwa, ndiyo sahihi yake. Binti yangu akaniachia mkono, akaweka dole lake pale. Likakaa sawasawa.

"Baba," akasema, "hiki si ndicho nilichokupa wewe?"

Nikakumbuka. Nilikuwa nasoma. Nilisema asante mwanangu, weka hapo. Sikuinua kichwa.

Mlinzi akauliza, sasa paka yuko wapi?

Jumapili, 12 Mei

Aibu hailali. Nimeamka nayo. Mkuu hakunifukuza, alinipa Jumatano mchana kwa sauti ya mtu anayesema na mgonjwa. Nimemrudishia mke wangu vibanio vyake. Alivipokea bila kuniuliza, na hilo ndilo lililoniumiza.

Binti yangu alijifungia chumbani mpaka jioni. Kisha akaja na chungu chake, kimegandishwa kwa gundi, akakiweka mbele yangu. Akasema kile kipande cha mdomo lazima kimebaki shimoni. Atakuja darasani kwangu Jumatano tukitafute.

Darasani kwangu! Nimeapa: hila basi. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia mezani mbele ya kadamnasi.

Jumanne, 14 Mei

Nilikuwa nafagia jikoni kama toba. Mvunguni mwa kabati, nimeinama, nikakiona. Kipande cha mdomo.

Binti yangu alikuwa chumba cha pili, anaimba. Ilikuwa kunyanyua mguu tu nimpe. Nikakaa sakafuni nacho. Nikimpa leo, kesho atakuja kutafuta nini? Nimemsubiri miezi yote hii aje kuchimba na baba yake.

Aliniita akauliza nafanya nini. Nikasema nafagia.

Jumatano, 15 Mei

Nimefika uani alfajiri. Nimekifukia chini kabisa, kona ambayo hata muuguzi haijui. Itamchukua binti yangu mwezi mzima, Mungu akijalia.

Nilikuwa nasawazisha mchanga mlinzi alipotokea. Akatazama shimo. Akanitazama mimi. Akauliza kama ni paka mwingine.

Nikasema ndiyo. Akavua kofia.