Kasi Iko Juu ya Kabati Langu

Jumatatu, 3 Machi

Redioni wamebishana asubuhi nzima. Kampuni za intaneti zinataka ruhusa ya kuwaharakisha wateja wakubwa na kuwachelewesha wengine. Mwanasheria mmoja, mama mwenye sauti ya kengele, akawaka: intaneti ni ya wote, na anayesafirisha hana haki ya kuchagua nani afike kwanza. Mke wangu akapiga makofi, mswaki mdomoni. Wazo limeniingia!

Maana ruta ya kugawa intaneti ya jengo letu zima, vyumba kumi na vinne, inakaa juu ya kabati langu. Waya haukufika kwingine. Miaka miwili naipangusa vumbi na hakuna aliyewahi kuniambia ahsante.

Jumanne, 4 Machi

Nimeingia kwenye mipangilio ya ruta. Kumbe unaweza kumwachia huyu kasi na kumbana yule! Nimefungua daftari, kurasa mbili. Kushoto: Watukufu. Kulia: Wengineo. Mke wangu Mtukufu namba moja, hilo halina mjadala. Namba mbili kinyozi wa ghorofa ya chini, aliyeahidi kuninyoa bila foleni. Namba tatu mwenyekiti wa jengo, kwa heshima ya mvi zake.

Fundi cherehani wa mlango wa pili nimemtupa kwa Wengineo, mstari wa mwisho kabisa. Jana nilimpelekea suruali iliyokufa zipu. Nikamwomba aniwahishe, si sisi ni majirani? Akasema, bila hata kuinua macho, kwamba foleni ni foleni na mbele yangu kuna watu sita. Sita! Haya. Tuone sasa nani atamsubiri nani.

Jumatano, 5 Machi

Mambo yanakwenda. Nimenyolewa kabla ya watu watatu, wakanitazama kama mwizi wa kuku. Ngazini fundi kalalamika kwamba video zake za mishono zinaganda, sindano inashuka haipandi. Nikamsikitikia vizuri tu. Nikasema ni mawingu.

Kesho mke wangu ana usaili kwa video. Miaka kumi na moja mwalimu msaidizi wa chekechea, sasa ameitwa kuwania ualimu mkuu. Wiki mbili anajiuliza maswali mbele ya kioo, anajijibu, anajisahihisha. Nimemuuliza ataufanyia wapi huo usaili. Kasema mahali popote ambapo mimi sipo. Nimemsamehe. Ni wasiwasi.

Alhamisi, 6 Machi

Saa nne kasorobo ametoka na gauni lake la bluu. Nikaangalia kwenye ruta orodha ya vifaa vilivyounganishwa: simu yake imo, kwa hiyo yuko humu humu jengoni. Moyo ukanijaa. Leo lazima nimfanyie mke wangu jambo! Nikawabana Wengineo wote. Fundi cherehani nikambakizia tone. Saa nne na robo naona laptopu ya fundi inavuta, inavuta, haikati tamaa. Siku ya mke wangu, yeye anatazama mishono! Nikaziba hata lile tone.

Saa nne u nusu mke wangu karudi. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Akakaa kitandani na viatu vyake. Akasema simu yake imepasuka pale kwenye kamera, ndiyo maana fundi alimwazima chumba na laptopu, tena akasimamisha cherehani isiwasumbue. Wasaili walibaki wanatazama uso wake ulioganda, mdomo wazi. Swali la tatu hakulisikia kabisa. Akasema labda hakupangiwa huo ualimu mkuu.

Nikaanza kusema mawingu. Sikumaliza. Daftari lilikuwa wazi mezani, na mwalimu kusoma anajua. Nimeumia. Nimejaribu kuandika neno jingine, sikulipata.

Ijumaa, 7 Machi

Kikao ngazini. Jengo zima! Mwenyekiti kasoma kurasa zote mbili kwa sauti. Kinyozi kakodolea macho dari. Mwenyekiti alipomaliza akauliza, kwa upole sana, ni kwa nini yeye yuko nyuma ya kinyozi.

Fundi hakunitukana. Alisema yeye akimkatia mtu kitambaa hamuulizi anakwenda nacho arusini au sokoni. Kazi yake ni kukata sawasawa, kwisha. Watu wakaitikia. Ikapitishwa: kasi moja kwa wote, na paswedi ya mipangilio akabidhiwe fundi. Ruta itabaki kwangu kwa sababu waya ni ule ule. Vumbi bado ni langu.

Jioni mke wangu akaniketisha niwaandikie wasaili. Nikaanza: kutokana na hitilafu za kiufundi. Akafuta. Nikaandika: hitilafu ni mimi. Akasema hapo sasa naendelea vizuri.

Jumatatu, 10 Machi

Wamempa nafasi nyingine! Mmoja wao kasema barua yangu imesomwa ofisini mara mbili, watu wakicheka mpaka machozi. Sawa, wacheke.

Usaili saa tatu, kwa fundi tena. Hakuna aliyeombwa wala aliyebanwa, lakini mlango baada ya mlango watu wamezima simu zao kumpisha. Kinyozi kazima runinga yake ya intaneti, na kipindi chenyewe kilikuwa kimefika patamu. Mimi nilisimama koridoni, mikono mifukoni, sina cha kubonyeza. Nikamsikia mke wangu akijibu, sauti haikatiki hata mara moja. Nimelia kidogo. Fundi kanipa kipande cha kitambaa, kisha akakidai.

Alhamisi, 13 Machi

Kapata! Mwalimu mkuu! Nimepiga kelele mpaka ghorofa ya juu wakagonga sakafu.

Mwenyekiti kanionea huruma. Kasema mtu asiye na jukumu anaharibika, basi nipange zamu za kamba za kuanikia nguo kule juu ya paa. Kazi ndogo, kasema, hata mimi siwezi kuiharibu. Nimepanda mara moja kuzikagua. Kamba ziko nane. Tatu zinapata jua tangu asubuhi, tano zinafunikwa na kivuli cha tangi mpaka mchana. Na hakuna aliyewahi kuligundua hili!

Mwalimu mkuu hawezi kwenda kazini na gauni bichi. Nimemwandikia mke wangu zote tatu. Bado sijamwambia. Atafurahi huyo!