Vita Iliyokwisha Bila Kibali

Kamati ya Vita ya Mfano inayo furaha kuwatangazia wakaaji wote wa Kasongo na Kabambare kwamba vita ilifanyika, ikafaulu, na kwamba mimi, Gédéon, katibu wa Kamati, nilisimama mbele kabisa ya mapigano tangu mwanzo hadi mwisho bila kurudi nyuma hata hatua moja.

Maelezo haya ni kwa wale ambao hawakuwepo. Waliokuwepo wanasema sana.

Kuna nchi moja ya Afrika Magharibi ambako watu wa Kaskazini na watu wa Kusini wanapigana. Askari wageni walichaguliwa kwenda kuwatenganisha. Kabla ya kwenda, walitaka kujaribu kwanza mahali panapofanana na kule: pori, matope, na viongozi wa kuwapokea. Kwa matope, barabara ya Kasongo kwenda Kabambare haikupata mpinzani. Kwa viongozi, tuliunda Kamati siku hiyohiyo.

Prezida wetu, Bwana Antoine, alichagua uwanja wa vita: shamba la mpunga la Mama Dieudonnée, karibu na Kabambare. Sababu ya kwanza, ni tambarare. Sababu ya pili, mwenyewe hakuwepo kwenye mkutano.

Kesho yake akaja.

"Prezida, mupunga yangu imeiva. Wiki hii ninavuna. Mukipita na mabuti yenu, watoto wangu watakula nini?"

"Mama, lile si shamba tena. Ni Eneo la Operesheni."

"Iko shamba. Ni mimi nililima."

"Basi tunakupandisha cheo. Wewe ni kamanda wa waasi wa Kusini."

Kwa upande wa ofisi, tatizo lilikuwa limekwisha.

Waasi wa Kaskazini walipewa Bulaimu, dereva wa pikipiki wa njia ya Salamabila, kwa kuwa ana miwani myeusi. Kila kamanda alipata majirani thelathini na bunduki za miti. Programu ilikuwa wazi: Jumatatu saa mbili, vita, saa nne, wageni wanafika, saa sita, amani, saa saba, chakula.

Saa mbili kamili Bulaimu alipiga kelele, "Kusini, leo mutatujua!"

"Bulaimu!" akajibu kamanda wa Kusini. "Angalia mahali unakanyaga!"

Saa nne ikapita. Malori ya wageni yalikuwa yamezama matopeni. Jumanne, vilevile. Prezida akapiga simu kutoka kwenye kiti chake Kabambare: vita iendelee mpaka izuiwe kwa utaratibu.

Jumatano asubuhi Bulaimu alivuka mstari wa mbele akiwa ameshika kisu cha kuvunia.

"Yaya Dieudonnée, dada yangu, tunangoya mpaka lini? Ndege banamaliza mupunga yako."

Wapiganaji sitini wakaweka bunduki chini. Kusini walikata, Kaskazini walifunga na kubeba. Hadi jioni shamba lilibaki mabua matupu. Kamati haikuarifiwa.

Alhamisi wageni wakafika, matope mpaka kwenye kofia, Kolonele wao mbele na Prezida nyuma yake kwa suti safi. Walikuta waasi wa pande zote mbili wanapura mpunga na kuimba.

"Vita iko wapi?" Kolonele akauliza.

"Imeisha," akasema Bulaimu.

Prezida alishika kichwa. "Imeisha? Kwa kibali cha nani? Nani alisaini?"

"Hakuna mutu alisaini, Prezida. Tulivuna tu."

"Muanze upya! Mara moja! Wageni wametoka mbali kuja kuizuia!"

"Tupigane sababu ya nini?" akauliza Mama Dieudonnée.

Sababu ya vita haikuwa kwenye programu.

Prezida akaamua kwamba tupige picha tu. Pembeni ya Kolonele paliwekwa kiti kimoja, na Bwana Alain, makamu wa Prezida, alikuwa amekwisha kukikalia.

"Toka."

"Nimetangulia."

Prezida akavuta kiti. Alain akavuta tai ya Prezida. Wajumbe wa huyu wakaingia, wajumbe wa yule wakaingia, mabenchi yakaanza kuruka. Kolonele alifungua kitabu chake cha maagizo: pande mbili, silaha, hakuna mazungumzo. Akapuliza filimbi.

Askari themanini wakaingilia kati. Prezida na makamu wake walilazwa kifudifudi juu ya mabua, wakapekuliwa, kisha wakatengwa kwa kamba, mmoja kila mwisho wa shamba. Waliambiwa hakuna chakula mpaka wasaini kwamba hawatapigana tena. Mpatanishi alikuwa Mama Dieudonnée. Hakuwa na haraka. Alikuwa anapepeta.

Kolonele aliandika kwamba hajawahi kuona waasi wanaoigiza vizuri namna ile.

Kwa hiyo Kamati inapendekeza shamba hilo liwe Eneo la Operesheni la kudumu, kila mwaka, majira ya...

Hapo Arlette aliacha kupiga herufi. Arlette ana kompyuta karibu na soko la Kasongo, ndiye anayetuchapia barua zote za Kamati. Mimi nasoma, yeye anachapa.

"Gédéon, rudi juu kidogo. Ulisimama wapi?"

"Mbele kabisa."

"Mama mudogo Dieudonnée aliniita nimusaidie kupura. Mabenchi yalipoanza kuruka, nilikimbilia kitunga kikubwa cha mupunga. Kikanishinda kuinua. Nikafunua. Iko wewe ndani, na muhuri wa Kamati kati ya meno."

"Nilikuwa naulinda."

"Sawa. Niandike vile? Kitunga, meno, yote? Ao tunabadilisha mahali pa vita?"

Nilifuta mstari wa mwisho kwa kalamu. Kisha nikamsomea pendekezo lililorekebishwa: vita zote zijazo zifanyike katika ua wa nyumba ya Bwana Prezida, hasa kwenye maua yake, wakati wa mvua.

Sijawahi kumwona Arlette akichapa upesi hivyo. Karatasi ikatoka, nikasaini, nikapiga muhuri kwa nguvu.

Jina la Kamati lilitokea vizuri sana. Katikati yake, wazi kabisa, yalitokea meno manne.