Kimbunga Mlichotutangazia Hakijafika Msangano

Msangano,
Wilaya ya Mbozi,
24 Januari 2008.

Ndugu Mhariri wa Habari za Redio,

YAH: KIMBUNGA KUTOFIKA KAMA KILIVYOTANGAZWA

Salaam kutoka bondeni. Sisi ni wazima, isipokuwa ng'ombe wangu thelathini na mbili, ambao wamezuiliwa na serikali ya kijiji huko juu, karibu na Mbozi Mission. Sababu ni ninyi.

Jumatano ya wiki iliyopita, redio yangu ikiwa imening'inia kwenye usukani wa baiskeli, mtangazaji wenu alisema kimbunga kikali kinaikaribia pwani, kwamba msimu huu vimbunga vimepanga foleni baharini, na kwamba wanaoishi karibu na maji wahamie sehemu za juu pamoja na mali zao. Mimi naishi karibu na Mto Momba. Mali yangu yote ina miguu minne. Nikatii.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ng'ombe walipofika juu walikuta shamba la Mzee Mbonile, Mnyiha mwenye kahawa. Walikula mahindi yake yaliyofika magotini, wakakanyaga na miche ya kahawa. Ng'ombe anayekimbia maafa haulizwi mpaka wa shamba.

2. Nilipomweleza mzee habari za kimbunga alitazama juu, hakukuwa na wingu hata moja, kisha akaniuliza kwa upole, "Bwana Makoye, hiyo bahari yako iko upande gani?" Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Siku mbili baadaye mtangazaji wenu akasema kimbunga kimegeuza njia na kufia huko huko baharini. Hakuomba radhi. Mtu akikuambia mgeni anakuja, ukachinja kuku, halafu mgeni asije, walau hukupa pole.

3. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Anyelwisye, ameitisha baraza Jumamosi ijayo. Nikionekana mwongo, wanasema sisi wafugaji tuliotoka mbali tuondoke. Shinyanga niliondolewa na ukame. Usangu niliambiwa nihame, nikahama. Hapa watoto wangu wawili wameanza shule na wanamjua mwalimu wao kwa jina. Ndugu Mhariri, nimechoka kuhama, na hilo silisemi kwa mzaha.

4. Kwa hiyo naomba barua yenye muhuri, ikieleza kwamba kimbunga kile kilikuwa kinakuja Msangano, kwangu, na kwamba kilighairi dakika ya mwisho.

5. Kama muhuri haupo, basi naomba kimbunga chenyewe. Mlisema bado viko vingine. Mnigawie kimoja, hata kidogo. Watu wa pwani wamevichoka, na si haki upande mmoja wa nchi upate vyote wakati na sisi tunapiga kura. Kifike Jumamosi kabla ya saa nne asubuhi, kwa kuwa baraza huanza kwa sala na halichelewi. Kipite mtoni, kiezue jiko langu tu. Misumari ya bati nimeshailegeza ili kisipate taabu. Kwa Mzee Mbonile kisiguse kitu. Ni mtu mzima na yeye hakutangaza chochote.

Nisalimie watangazaji wote, hata huyo wa Jumatano, na mafundi mitambo, na wake zao, na waume zao. Waambie tunawasikiliza kila betri zinaporuhusu.

Ni mimi msikilizaji wenu, mtiifu kupita kiasi,

Makoye Zabron.

Nyongeza: Mimi ni Nyanzobe, mke wa Makoye. Barua hii nimeiandika mimi, maana mwandiko wake hausomeki, na sasa ametoka kwenda kuchunga mbuzi. Ng'ombe walipanda juu siku ya Jumatatu. Tangazo lenu tulilisikia Jumatano, wakiwa wameshakamatwa. Huku mvua zimechelewa, nyasi zimekwisha, na mume wangu aliona haya kwenda kuomba malisho kwa mtu asiyemjua. Jana nilipanda mwenyewe nikamwambia Mzee Mbonile hivyo hivyo. Akasema angeambiwa tangu mwanzo angetupa bonde lake la chini tulishe, na hilo ndilo atakalolisema barazani. Kwa hiyo kimbunga msikilete. Ila kama mna mvua ya kawaida, hiyo tunaiomba.