Asiyekubali Aseme Sasa

Jumatatu, 4 Novemba

Habari kubwa! Bwana Habuka, Mkuu wa Jiko letu la makrobiotiki, chama cha kula nafaka na mboga tupu, anahamia Kobe kwa mwanawe. Kiti kiko wazi. Nakitaka! Tangu nistaafu kuuza miavuli, hakuna mtu Osaka nzima anayeniita kwa cheo chochote. Mke wangu Yae huniita "wewe hapo". Inaniuma.

Tatizo ni Bi Nakatsuru. Anamjua kila mzee wa mtaa anayeishi peke yake, nani hana meno, nani kafiwa na mume. Wanachama wote wanampenda. Sijui wanaona nini kwake.

Leo nimejitolea kupika, nionekane. Nimeunguza wali usiokobolewa kwenye sufuria ya presha. Nikatangaza kwamba ukoko una nguvu ya ardhi. Bi Nakatsuru akasema, kwa upole wa kuudhi, kwamba basi niile na sufuria, nayo imetoka ardhini. Wakacheka. Haya.

Jumatano, 6 Novemba

Nimepata! Leo nilikaa mkabala na mzee Kajiwara. Kanuni yetu ni kwamba tonge hutafunwa hadi liwe maji, na anayetafuna hasemi. Nilimwuliza saa. Akatafuna. Nikanywa chai, nikaenda msalani, nikarudi, ndipo akanijibu. Saa aliyonitajia ilikuwa imeshapita.

Nikaitazama meza nzima. Watu wazima, vinywa vimejaa, hakuna awezaye kupinga jambo! Na anayetafuna kuliko wote ni Bi Nakatsuru. Hujivunia hilo. Nikarudi nyumbani nikipiga mluzi. Yae akauliza nimeharibu nini tena.

Ijumaa, 8 Novemba

Ushindi! Wote walipotia tonge mdomoni, nikasimama. Nikalitaja jina langu mwenyewe kuwa Mkuu mpya. Asiyekubali aseme sasa. Kimya! Meno tu, kama mbuzi zizini. Bi Nakatsuru alinikodolea macho, mashavu yamemtuna. Lakini kumeza wali mzimamzima mbele za watu? Yeye? Thubutu! Nikawashukuru kwa imani yao kubwa, nikaketi.

Kitambaa cheupe cha Mkuu kinanikaa vizuri kichwani. Kinaziba masikio kidogo. Njiani nikajipongeza kwa vitumbua vya pweza pale kwenye banda la stesheni, mchuzi mwingi. Mwanachama haruhusiwi. Lakini Mkuu ana majukumu mazito.

Jumapili, 10 Novemba

Sina nguvu ya kuandika. Naandika hivyo hivyo.

Mlo wangu wa kwanza nikiwa Mkuu. Nikakaa kiti cha mbele, nikatia tonge kubwa, la kuwa mfano kwa wengine. Bi Nakatsuru alikuwa hajajipakulia. Laiti ningeliona hilo! Akasimama, mdomo mtupu, akapendekeza kwamba msimu wote wa baridi Mkuu mwenyewe awapelekee chakula wazee wasioweza kushuka kutoka yale maghorofa ya zamani nyuma ya reli. Yasiyo na lifti! Asiyekubali aseme sasa.

Nikajaribu kumeza. Mzee Kajiwara, bila kuacha kutafuna, akanitikisia kidole: bado halijawa maji. Wengine walicheka kwa pua.

Jumatatu, 11 Novemba

Ngazi! Magoti yangu! Ghorofa ya tano anakaa Bi Otowa, mjane. Alifungua mlango, akakiona kitambaa, akashika mdomo. "Ee, Mkuu! Umekuja mwenyewe?" Nikasimama wima, ingawa nilikuwa nahema.

Akaniomba nikae mpaka amalize. Tangu mumewe afariki hana wa kutafuna naye, na chakula hakimpiti. Nikakaa. Anatafuna polepole kuliko Kajiwara. Jua likahama kutoka dirishani hadi ukutani. Akamaliza bakuli lote, akainama kunishukuru, nami nikainama zaidi yake. Sijui kwa nini, maana Mkuu ni mimi.

Wazee waliobaki wamekula wali wa baridi. Wote wamenishtaki kwa Bi Nakatsuru.

Basi nimeamua. Cheo achukue yeye, na ngazi zake. Mimi nitakuwa Mshauri Mkuu. Mshauri hapandi ngazi! Nitalisema Jumatano, akiwa anatafuna. Kesho naumwa.

Jumatano, 13 Novemba

Nilisubiri wote watie vijiko mdomoni. Nikasimama. Nikamkabidhi Bi Nakatsuru cheo changu kwa moyo mkunjufu. Asiyekubali aseme sasa.

"Hatukubali!" Wote. Papo hapo. Hata Kajiwara!

Ulikuwa uji. Chakula cha leo kapanga Bi Nakatsuru, na nani anatafuna uji?

Kisha akanivuta pembeni. Akasema jana, nilipojifanya mgonjwa, alipanda yeye, na bakuli la Bi Otowa likarudi kama lilivyokwenda. Mama wa watu alikuwa amenitandikia mto wa kukalia, akangoja. Bi Nakatsuru hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Nikaona aibu. Aibu ya kweli! Nikachukua uji, nikapanda. Bi Otowa akala wote.

Lakini kwenye ngazi, wakati wa kushuka, nikawaza. Uji ulikuwa wa moto. Kabla ya kuutia mdomoni kila mtu aliupuliza, na Bi Nakatsuru alipuliza kuliko wote. Na mtu anayepuliza hawezi kusema!

Nimeuliza jikoni. Ijumaa ni uji tena.