Wino wa Dole Gumba Niliompelekea Mama Mkubwa

Jamani, leo nimeaibika mpaka masikio yamepata moto. Niko Katindiuka kwa mama mkubwa, nimekaa kwenye gogo, natafuta nguvu za kurudi nyumbani Kibaoni. Ngoja niwasimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine.

Mnajua nimemaliza mitihani yote. Ilibaki kozi moja tu ya uandishi, ile ambayo chuoni kwetu bila hiyo huvai joho. Kurasa ishirini kuhusu kazi ya mtu unayemfahamu. Rasimu tatu. Na mwishoni, sahihi ya huyo mtu baada ya kumsomea neno kwa neno. Mwisho ni leo, saa kumi jioni. (Mama ameshatangaza mahafali yangu kanisani. Mara mbili.)

Mimi niliandika kuhusu kuamia ndege, yaani kuwafukuza, kwenye mpunga wa mama mkubwa Skolastika, dada yake mama. Niliandika kwamba nilishinda naye siku tatu juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu cha kulindia shamba. Ukweli? Nilikwenda Januari, nikakaa nyumbani kwake saa moja, nikatafuna muwa, nikapiga picha, mbu wakaniona, nikaondoka. Mengine niliyatoa mtandaoni na kichwani. Na zile rasimu tatu ni moja. Nilibadilisha tarehe tu!

Basi leo asubuhi nikapanda bodaboda na sukari kilo mbili. Mpango ulikuwa rahisi: namsomea haraka haraka, anachoka, tunamaliza.

Nikamkuta na wanawake sita wa jumuiya yake, wanachambua mchele.

"Shikamooni."

"Marahaba, Odilia. Mama yako kaniambia una barua ya chuo. Soma kwa sauti, na wenzangu wasikie."

Nikakohoa. Nikasimama. (Kwa nini nilisimama?) Nikaanza: "Alfajiri moja ya Januari, nikiwa juu ya dungu na Mama Skolastika, maelfu ya ndege aina ya kweleakwelea walitanda angani wakiuvamia mpunga..."

Ungo wake ukasimama. "Rudia hapo."

Nikajua kapenda. Nikarudia kwa mbwembwe zaidi, na mkono nikanyoosha angani.

"Januari?"

"Ndiyo, mama mkubwa."

"Walikuwa wanakula nini?"

"Mpunga."

"Mpunga upi? Januari ndiyo kwanza tunamwaga mbegu. Kwelea anasubiri mpunga uweke maziwa kwenye punje. Dungu lenyewe nilijenga mwezi wa nne."

Mama Yustina, jirani yake wa shamba, akaangua kicheko mpaka mchele ukamwagika. Nikarukia ukurasa wa saba kujiokoa. Huko nilikuwa nimemnukuu mama mkubwa: "Sisi wakulima tunakabiliwa na changamoto lukuki."

"Skola," akasema Mama Yustina, "ulisema hivyo wewe?"

"Labda nilikuwa naumwa."

Nikafunga makaratasi. Nikamwomba asaini tu, joho langu lote liko kwenye hiyo sahihi. Akatikisa kichwa. "Siwezi kusaini siku tatu ambazo hazikuwepo. Kaa chini. Shika kalamu."

Ilikuwa saa tano. Nikashika kalamu.

Hapa sitanii, ndugu zangu. Yule mama alisema na mikono ikiendelea kuchambua, wala hakurudi nyuma hata mara moja. Jinsi anavyobinya punje kwa kucha kujua kama maziwa yameingia. Jinsi anavyopanda dunguni kabla hakujapambazuka, akavuta kamba zenye makopo shamba zima. Jinsi ndege wanavyopumzika kwenye matete jua likiwa kali, na ndipo anapopika. Wiki ya tatu sauti imekwisha kwa kupiga kelele, basi yeye na Mama Yustina wanazungumza kwa kugonga madebe, kila mmoja dunguni kwake. Mara mbili, ni mzima. Mara tatu, njoo.

"Mwaka aliofariki baba yenu mkubwa," akasema, "nilirudi shambani siku ya nne baada ya maziko. Nikajua nitakuta mabua matupu. Nikakuta mpunga umesimama wote."

"Nani aliamia?" nikauliza.

Akamtupia jicho jirani yake. Mama Yustina aliendelea kuokota mchele wake chini, hacheki tena. Nikaelewa. Nikamkodolea macho yule mwanamke niliyekuwa nimemwona mcheshi tu. Kalamu nilishaisahau.

"Mbona umesimama? Andika," akasema mama mkubwa.

Nikamaliza, nikamsomea. "Umeruka makopo," akasema. Nikarekebisha, nikasoma tena. "Matete yaje kabla ya kupika." Nilistaajabu! Alikuwa nayo yote kichwani, kwa mpangilio wake. Kurasa tano tu, na sijawahi kuandika kitu kizuri kama kile.

"Sasa lete nisaini."

Nami, kwa adabu zote, nikatoa mfukoni kidude cha wino nilichokuja nacho. Nikakifungua mbele ya wote.

Mama mkubwa akakiinamia, akakitazama.

"Hicho cha nini?"

"Cha... dole gumba, mama mkubwa."

Jamani! Mmoja alilala kabisa kwenye mkeka kwa kicheko. Mama Yustina akafuta machozi: "Odilia mwanangu, huyu ndiye katibu wetu! Miaka kumi na tisa anaandika mihtasari ya jumuiya!" Wakanipa daftari nione. Mwandiko umenyooka, mistari imelala vizuri, hakuna hata neno lililokatwa. Nilitamani ardhi inimeze na kile kidude changu.

Mama mkubwa akachukua kalamu yangu, akasaini jina kamili taratibu, kisha akaweka mkato niliousahau.

Nikapiga picha zile kurasa tano, nikazibandika nyuma ya zile ishirini, nikamtumia mwalimu saa kumi kasoro dakika saba. Amejibu sasa hivi: "Ishirini za mwanzo futa. Hizi tano ndizo rasimu yako ya kwanza. Nakusubiri Jumatatu na ya pili."

Nikamsomea mama mkubwa. Akasema kesho nije saa kumi na mbili asubuhi tuanze ya pili, na kile kidude nikiache nyumbani.

Joho nitavaa, Mungu akipenda. Ila naomba msicheke. Katibu yuko hapa pembeni na daftari lake, na ameshaniuliza majina yenu.