Kuhusu Yai, Vumbi na Usafi wa Nyumba Yangu

Kwa Mganga Mkuu wa Hospitali,

Ndugu Mganga Mkuu,

YAH: KUSHUSHIWA HADHI KWA SABABU YA USAFI

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umeshakunywa chai, maana si fupi. Mimi ni dobi. Kwa miaka thelathini na mmoja nimefua na kupiga pasi nguo za mtaa huu, na makoti meupe ya wauguzi wako yamo. Mjukuu wangu wa pekee, ambaye nyumbani tunamwita Malkia, ana miezi kumi na mmoja. Mama yake, binti yangu, anafanya kazi benki, kwa hiyo mchana kutwa mtoto huwa nami dukani.

Jumamosi ya wiki juzi alitutembelea bibi mwenzangu, mama mzazi wa mkwe wangu, ambaye kazi yake ni kuoka keki. Niligeuka kunyunyizia maji suruali ya mteja. Nilipogeuka tena, alikuwa ameshamlisha Malkia kipande cha yai la kuchemsha, kidogo kama ukucha. Haikupita robo saa uso wa mtoto ukajaa mabaka mekundu, mdomo ukavimba, akatapika, na kilio chake kikaanza kukwaruza. Nilitoka mbio na mtoto begani, mguu mmoja una kandambili, mwingine hauna. Bibi mwenzangu alinifuata na kandambili ya pili mkononi, analia kumshinda mtoto.

Daktari wako wa watoto, yule binti kijana, alimchoma Malkia sindano ya paja na hakubanduka kitandani hadi pumzi ilipotulia. Kwa hilo sina neno, Mungu amzidishie. Ninalolalamikia lilitokea wiki moja baadaye, tulipompeleka kupimwa. Alithibitisha kwamba ni mzio wa mayai, kisha akafungua faili na kuanza maswali. Nakubali kuuliza si ujinga, ila kuna kuuliza na kuna kupekua.

1. Aliuliza kama katika ukoo yupo mwenye mzio, pumu au ukurutu. Nilijibu kwa sauti ya kufika dirisha la dawa kwamba kwetu hayupo, na kwamba bibi mwenzangu hupiga chafya hata kwa paka wa kwenye kalenda. Naomba iandikwe kwa wino usiofutika kuwa mzio huu umetoka upande wa pili.

2. Aliuliza mtoto alizaliwaje na kama amewahi kupewa dawa za kuua bakteria. Ndugu Mganga Mkuu, alizaliwa kwa upasuaji, hapo hapo kwenu, ghorofa ya pili. Dawa hizo amepewa mara tatu kabla hajaota jino, na karatasi zote zina muhuri wenu. Mtu hamuulizi mgeni nani kamwaga chai wakati birika analo yeye.

3. Aliuliza kuhusu ngozi. Ni kweli Malkia alitokwa na ukurutu mashavuni tangu miezi miwili, nami nikamwogesha kwa sabuni mara tatu kwa siku kama inavyompasa mjukuu wa dobi. Daktari akasema sabuni nyingi huikausha ngozi, na ngozi iliyopasuka huenda ikapitisha chembe za chakula kabla tumbo halijakizoea, mwili ukakiona adui. Hapo wote tukageuka kuitazama mikono ya bibi mwenzangu, ambayo huvunja mayai sitini kwa siku na kisha kumpapasa mtoto mashavu. Naomba mikono hiyo iwekwe chini ya ulinzi.

4. Aliuliza kwa nini mtoto hakuanzishiwa mayai mapema. Mimi ndiye niliyeyapiga marufuku hadi atakapoweza kutamka "yai" mwenyewe. Ushauri wa kuchelewesha niliupata kwenu nilipokuwa namnyonyesha mama yake, na karatasi yake ninayo hadi leo, nimeipiga pasi. Nilimkabidhi daktari nikisubiri ajitetee. Aliisoma yote, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema, "Bibi, hapa tulikosea sisi." Sijawahi kuona ofisi yoyote ikisema hivyo. Iliniharibia hotuba niliyokuwa nimeiandaa.

5. Aliuliza kama nyumbani tuna mnyama, watoto wengine, au vumbi. Nilijibu hapana, hapana, na hasha, nikingoja sifa. Aliandika kwa huzuni, akasema mwili wa mtoto usiozoea vijidudu huenda ukakiona hata chakula kuwa adui. Jirani yetu, fundi magari, ana watoto sita wanaokula udongo bila chumvi, na mayai wanayafakamia. Ikiwa hiyo ndiyo haki, naomba hospitali inipatie vumbi lililopimwa, kilo moja hivi, pamoja na barua kwa mwenye nyumba ili aniruhusu kupandisha mbuzi ghorofa ya nne. Mbuzi nitamfua mwenyewe.

6. Hili ndilo lililoniuma zaidi. Baada ya maswali yote, daktari alifunga faili akasema hayo ni mambo yanayoweza kuongeza hatari tu, hakuna moja linaloweza kunyooshewa kidole, na hakuna mwenye kosa kati yetu. Ndugu Mganga Mkuu, siku nane nilikuwa nikiitazama mikono yangu nikijiuliza kama ndiyo iliyomdhuru mtoto. Nilitaka hukumu, hata ya kunifunga. Nilipoambiwa hakuna kosa nililia mbele ya watu, na bibi mwenzangu akanipa leso yake, ambayo haikuwa imepigwa pasi.

Kwa hayo, naomba cheti cha kuthibitisha kwamba usafi si ugonjwa, na tamko rasmi kuhusu namba moja. Malkia hajambo, anatambaa na kung'ata kila kitu isipokuwa yai. Sindano ya dharura haibanduki mkobani mwangu, na sisi mabibi wawili tumefundishwa kuichoma kwa kufanya mazoezi kwenye chungwa.

Nisalimie wauguzi wote, mlinzi wa getini aliyenifungulia bila kuniuliza kitambulisho, na yule binti daktari, ambaye koti lake lina doa la wino mfukoni. Alilete, nitalitoa.

Wako katika usafi,
Dobi wa kona

Nyongeza: Binti yangu ameisoma barua hii kabla sijaifunga, akaniuliza kwa nini mimi mwenyewe sili mayai. Nikamweleza sababu anayoijua kila mtu, kwamba yai huwasha koo na kuvimbisha ulimi. Aliweka barua chini, akasema, "Mama, watu wengine haliwawashi." Nina miaka hamsini na tisa, nami nilidhani ndiyo ladha yake. Tafadhali futa namba moja, unipangie siku ya kupimwa, na bibi mwenzangu asiambiwe.